Fidia ya Wapuliziaji wa Mikorosho: Niliyojifunza Chunyu

Alfajiri ya mwezi wa Juni hapa Chunyu, umande ungali juu ya majani na upepo haujaamka, ndiyo saa tunayoitafuta sisi tunaopuliza salfa mikoroshoni, kwa kuwa unga hushika vema jani lililo na unyevu na haupeperuki kwenda kwa jirani. Lakini ndiyo saa ambayo kijana mmoja wa kundi langu, mashine mgongoni na giza lingali limetanda, alijikwaa katika kisiki akavunjika mguu. Miezi mitatu niligharimia matibabu yake na chakula cha wazee wake kwa akiba niliyokuwa nimeiweka kununulia mashine ya pili, maana sikuwa nimejisajili popote, wala sikujua kwamba sheria ilinitaka nifanye hivyo.

Sheria hiyo ni ya mwaka 2008, nayo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kupokea michango mwaka 2015. Wakati huo mwajiri binafsi alitozwa asilimia 1 ya jumla ya mishahara anayolipa. Mwaka 2021 kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.6, na mwaka 2022 hadi asilimia 0.5, sawasawa na inavyotoa serikali kwa watumishi wake. Huko Marekani mwenye biashara ya kupulizia dawa bustani hukadiriwa kwa hatari ya kazi yake, kiasi fulani kwa kila dola 100 za mishahara, na ajali zikizidi bei hupanda. Kwetu Tanzania Bara kiwango ni kimoja, kwa karani aketiye kivulini na kwa mpuliziaji avutaye vumbi la salfa. Naona hilo ni jambo la insafu kwa sisi wadogo, kwa kuwa kazi yetu ingalikadiriwa kwa madhara yake, wengi tusingaliweza kulipa.

Basi hesabu yake ni nyepesi. Msimu huu nina vijana watano, na kila mmoja namlipa shilingi 300,000 kwa mwezi, jumla yake shilingi 1,500,000, na asilimia 0.5 ya fedha hizo ni shilingi 7,500. Hiyo hutoka katika kisanduku cha biashara, si katika ujira wa kijana, kwani sheria inakataza mwajiri kumkata mfanyakazi mchango huu. Kujisajili kunafanyika kwa mtandao ukiwa na namba ya mlipakodi, na kila mwezi hupeleka mchango pamoja na orodha ya majina na ujira.

Juu ya orodha hiyo nataka nitue kidogo, maana ndimo wengi wetu tunamoharibu. Tumezoea kumchukua kibarua kwa mapatano ya mdomo, leo huyu, kesho ndugu yake, na ujira kuulipa jioni bila maandishi. Ajali ikitokea hakuna waraka unaoshuhudia kwamba mtu huyo alikuwa kazini kwako, wala kwamba alikuwa akipata kiasi gani, ilhali fidia hupimwa kwa ujira. Aliyelemaa kwa muda hulipwa asilimia 70 ya ujira wake, hata kufikia miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Na akifa, wategemezi wake hulipwa. Ukiandika shilingi 100,000 mahali pa 300,000 ili upunguze mchango, umempokonya majeruhi theluthi mbili za haki yake, na faida uliyoipata kwa mwezi ni shilingi 1,000.

Ajali ikitokea, mwajiri anapaswa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu ajue. Maradhi yatokanayo na kazi yamo pia, kwa hiyo kifua kinachobana baada ya msimu wa salfa, au macho yanayowaka baada ya kupuliza dawa ya maji, yapelekwe hospitali mapema na mganga aelezwe ni kazi gani ifanywayo. Mkulima anayepuliza shamba lake mwenyewe hamo katika kinga hii, kwa kuwa si mwajiriwa wa mtu. Yeye na ajikinge kwa barakoa, miwani na glavu, navyo ni wajibu wangu kuwapa vijana wangu pia.

Ewe mwenzangu wa Ruangwa au Nachingwea unayekusanya kundi la msimu ujao, nakusihi: andika majina yao na ujira wao wa kweli kabla salfa ya kwanza haijamiminwa katika mashine.