Je, Kutunga Hadithi ni Kusema Uongo?



 Wanafunzi wapenzi na wazee wetu, somo letu la mwaka huu limetokana na daftari moja la mwanafunzi wetu, ambaye jina lake tunalihifadhi.

Siku moja baada ya Alasiri alinijia amelikunja daftari mkononi, akaniuliza: "Ustadhi, nilichome?" Humo alikuwa ametunga hadithi ndefu. Mwenzake akamwambia kwamba mambo yote aliyoandika hayakutokea, na kusimulia lisilotokea ni uongo, na uongo ni dhambi. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aniachie, nikaenda kulisoma.

Kwanza nieleze kilichomfanya aandike. Mjomba wake, dereva wa lori wa njia ya Rusumo, alimletea kitabu kisicho na jalada, kurasa za mwisho zimenyofoka. Kilikuwa Kisima cha Giningi, cha Muhammed Said Abdulla. Kijana alikisoma mara nne. Kwa kuwa hakuupata mwisho, aliutunga mwenyewe. Kisha akashindwa kuacha, akamleta Bwana Msa hapa kwetu Ngara kupeleleza kisa kipya.

Wengi wenu hamumjui Bwana Msa, na si kosa lenu. Ukizunguka maduka ya Ngara na Biharamulo utapata vitabu vya shule na madaftari, lakini vitabu vyake ni nadra kuviona. Mwandishi wake alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Alikuwa mtu wa magazeti, na kuanzia 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, kikachapwa 1960. Vikafuata vingine, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Katika vitabu hivyo Bwana Msa ndiye mpelelezi, kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum yuko ubavuni.

Sasa turejee kwenye swali. Yule aliyemwonya mwenzake hakusema jambo la kupuuza. Katika Abu Daud na Tirmidhi ipo hadithi inayomuonya vikali mwenye kusema uongo ili watu wacheke. Na wanavyuoni wetu walilijadili suala hili zamani sana. Badiuzzaman al-Hamadhani, aliyefariki mwaka 1008, alitunga visa vinavyoitwa Maqamat, ambavyo shujaa wake ni mjanja mmoja mwenye ulimi wa dhahabu. Miaka mia moja baadaye al-Hariri wa Basra alivipenda mno visa hivyo, akatunga vyake hamsini. Shujaa wake akamwita Abu Zayd. Katika dibaji alikiri wazi kwamba anafuata nyayo za al-Hamadhani. Humo humo akajitetea: mbona watu hawalaumu hadithi ambazo wanyama wanasema, kama zile za Kalila na Dimna?

Ibn al-Khashshab wa Baghdad hakuridhika. Alisema kila mtu anajua mnyama hasemi, kwa hiyo hapo hakuna anayedanganyika. Lakini Abu Zayd anafanana na mtu wa kweli, na msomaji anaweza kudhani alikuwepo. Akaja Ibn Barri wa Misri akamtetea al-Hariri. Basi wanangu, mabishano mliyoyafanya chini ya mwembe yalikwisha fanywa Baghdad zaidi ya miaka mia nane iliyopita, tena na watu waliojua Kiarabu kuliko sisi sote.

Mimi ninaelemea kwa al-Hariri, lakini hoja ya Ibn al-Khashshab siitupi, kwa sababu imetaja penyewe: uongo ni kumdanganya mtu. Ukiandika juu ya ukurasa kwamba hii ni hadithi ya kubuni, msomaji ameingia akijua. Ukikaa barazani ukaisimulia kama habari ya jana, hapo umesema uongo. Ama kumzulia Mtume (s.a.w.) neno asilolisema, hilo halina mjadala, na onyo lake mmelihifadhi tangu darasa la kwanza. Mitume na maswahaba usiwatie katika utunzi wako kabisa. Sura ya Yusuf si utunzi, ni kweli tupu, wala isichanganywe na haya.

Nilidhani nimemaliza kazi, mpaka nilipofika katikati ya daftari.

Kosa la kwanza lilinichekesha. Bwana Msa ameshuka kwenye basi Ngara, akapigwa na upepo wa bahari, akapumzika chini ya mnazi! Kijana huyu hajaiona bahari. Ameiazima kutoka kitabuni, na migomba iliyo nyuma ya nyumba yao hakuiona. Wala ukungu wa asubuhi milimani, wala Ruvubu inavyoingia Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, wala malori yanayosubiri kuvuka kwenda Rwanda. Hata ile miaka ambayo mabasi yalipita msitu wa Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, ambayo wazazi wake wanaisimulia kila wakisafiri, hakuikumbuka. Abdulla naye alijifunza kwa mwingine, yaani Mwingereza Arthur Conan Doyle na mpelelezi wake Sherlock Holmes, lakini hakumleta Holmes Unguja. Alimuumba Mzanzibari.

Kosa la pili halikunichekesha. Katika hadithi, mtoto anakufa ghafla, na mwenye kumuua ni bibi kizee mchawi anayeishi peke yake nyuma ya kisima, ana macho mekundu na mbuzi mmoja mweupe. Jina alilibadili herufi moja. Nilimjua mara moja, na yeyote wa kijiji kile angemjua. Macho ya bibi yule ni mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote. Mnajua, na wazazi wenu wanajua zaidi, kwamba Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa maneno ya namna hii. Daftari likizunguka darasani, kisha nyumbani, kisha kilabuni, nani atakumbuka kwamba ilikuwa hadithi? Hapa Ibn al-Khashshab anamshinda al-Hariri.

Na cha kusikitisha ni kwamba kijana alikisoma kitabu mara nne, na hili likampita. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inaonekana penye mzimu, na watu wananong'ona kuwa ni mashetani. Bwana Msa hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, kwa faida gani, na mwishowe mkono uliofanya ni wa binadamu. Mpenzi wa Bwana Msa anamwandikaje mchawi?

Nilimrudishia daftari, nikamwambia asilichome. Nilimuuliza: kama si bibi, mtoto yule alikufa kwa nini? Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Labda kuna mtu aliyetaka shamba la bibi."

Alianza upya. Mpelelezi wake sasa si Bwana Msa; ni mwalimu mstaafu wa Rulenge mwenye baiskeli bovu, na katika ukurasa wa kwanza ameandika kwamba amejifunza kwa Muhammed Said Abdulla na kwamba hadithi ni ya kubuni. Daftari la tatu limekwisha, lipo kabatini kwa mwalimu wa zamu. Anayetaka kulisoma aliombe, na alirudishe likiwa na kurasa zake zote.