Vikeki vya Tabaka na Hukumu ya Mafuta



Siku hizi kwenye futari zetu huletwa vikeki vya tabaka vyenye sukari na mdalasini, na papo hapo huanza mabishano. Mmoja husema, "Msile, donge la dukani lina nguruwe." Mwingine hujibu, "Sema bismillahi ule." Hakuna kati yao aliyesoma pakiti. Sura An-Nahl, aya ya 116, inakemea kutamka halali na haramu kwa kuzua, na kemeo hilo linawahusu wote wawili.

Tuangalie donge lenyewe. Ni ndugu wa chapati: unga, maji na chumvi, ila badala ya kupakwa mafuta kidogo, hufungiwa siagi baridi ndani, likasukumwa na kukunjwa sehemu tatu kama barua. Kila mkunjo huzidisha tabaka za siagi mara tatu. Mikunjo minne ni tabaka 81. Sita ni 729. Ndani ya oveni maji ya donge hugeuka mvuke na kuinua tabaka, na mafuta huzizuia zisishikane. Kwa hiyo mafuta hapa si kionjo, ni kiungo kikubwa, na hukumu ya donge hufuata hukumu yake.

Siagi ya maziwa ya ng'ombe haina tatizo. Mafuta ya mimea nayo asili yake ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha. Mafuta ya mnyama ni mlango mwingine: nguruwe ni haramu kwa Al-Maida, aya ya 3, na hata mafuta ya ng'ombe yanahitaji kuchinjwa kisheria. Ndiyo maana "sema bismillahi" haitoshi. Hadithi ya Bi Aisha katika Bukhari, ambayo wengi huitegemea hapa, ilihusu nyama iliyoletwa na watu waliosilimu karibuni, si pakiti iliyoandikwa wazi kwamba ina mafuta ya nguruwe.

Pakiti nyingi zinazofika kwetu zimeandikwa Kifaransa. *Saindoux* ni mafuta ya nguruwe: acha. *Graisse animale* bila kutaja mnyama wala mchinjaji: acha pia. *Beurre* ni siagi. *Huile de palme* ni mawese, na hapa mtu wa Rumonge atabasamu, maana majarini nyingi za kuokea duniani hutengenezwa kwa mawese yaliyosafishwa, kwa kuwa huganda bila shida. Unaogopa tunda la mchikichi ulio nyuma ya nyumba yenu!

Inabaki E471, inayoweza kutoka kwa mmea au mnyama. Wanaoikubali hata ya mnyama husema imegeuka kitu kingine, yaani istihala, ambayo Mahanafi wameipanua. Mashafii, ambao ndio wengi kwetu, wameibana sana, kama pombe inapogeuka siki yenyewe. Lakini mafuta ya nguruwe yaliyokandwa ndani ya donge hayakugeuka chochote. Hapo istihala haina nafasi. E471 isiyojulikana asili yake naiona ni katika mambo ya shaka yaliyotajwa katika hadithi ya Nu'man bin Bashir: iache, wala usimwite aliyekula mla haramu. Wallaahu a'lam.

Anayetaka kuondoka kwenye shaka kabisa akande mwenyewe. Unga gramu 250, chumvi nusu kijiko cha chai, maji baridi mililita 125, siagi gramu 200. Joto la ufukweni huyeyusha siagi upesi, kwa hiyo fanya kazi baada ya alfajiri. Kanda, pumzisha nusu saa, funga siagi, sukuma, kunja. Rudia mara nne, na kila mkunjo ulipumzishe kwenye friji nusu saa. Nyunyiza sukari gramu 100 iliyochanganywa na mdalasini vijiko viwili vya chai, viringisha, kata vipande vya unene wa kidole, uoke kwa nyuzi 200 dakika 20 hivi. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mfuniko, apalie makaa juu na chini, ya juu yakiwa mengi zaidi. Na ukipeleka msikitini, andika kwenye sanduku umetumia mafuta gani.