Namna ya Kuandika Insha ya Hoja

Enyi wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 hapa Athi River, twawausia: atakaye kumkinaisha msomaji na ataje dai moja lililo wazi. Tuseme: kila kiwanda kisafishe maji yake machafu kabla ya kuyamwaga mtoni. Kisha alete dalili: mto huu ndio Galana, ndio Sabaki, humwagika baharini karibu na Malindi, uchafu wa hapa huwafikia wa huko. Kisha amtaje mpinzani kwa insafu: gharama zikizidi, wazee wetu watapunguzwa kazini. Amjibu: mshahara unaoishia katika kununua dawa na maji una faida gani? Mwenye kuificha hoja ya mpinzani huidhoofisha yake, na matusi si dalili.