KISAHANI NA UPEPO WA UFIPA



Wazee hutueleza kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Kwa hiyo kutupa tunako hata katika jina. Lakini kutupa kitu kikaenda pale ulipokusudia ni elimu ya peke yake, na ndiyo niliyoombwa kuiandika katika toleo hili. Kila mwaka baadhi yenu huchaguliwa na shule zenu kwenda kwenye michujo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na wale wa kisahani wengi hurudi wakisema, "Ustadhi, kisahani kilinigomea." Kisahani hakigomi. Ama ulichukua kisichokufaa, ama hukuujua upepo.

Iko na sababu nyingine ya kuandika. Jioni moja ya mwezi wa Julai, baada ya darasa, nilikuwa nawafundisha vijana watatu kurusha katika kiwanja chetu. Mmoja akazunguka, mkono ukamteleza kwa jasho, kisahani kikatoka pembeni kabisa na kutua hatua mbili kutoka kwa mtoto wa darasa la alifu aliyekuwa ameinama akitafuta ndala zake. Chuma kilichimba shimo la kina cha vidole viwili. Yule mtoto hakuelewa hata kilichotokea. Sisi ndio tuliokaa chini. Kosa halikuwa la yule kijana. Lilikuwa langu, kwa sababu sikuwa nimetenga uwanja. Mbele nitaeleza unavyotengwa.

Tuanze na kukichagua. Kisahani cha wanaume wazima kina uzito wa kilo 2 na upana wa kiasi cha sentimeta 22. Cha wanawake ni kilo 1, upana sentimeta 18. Katika kanuni za kimataifa vijana wa kiume walio chini ya miaka 18 hurusha cha kilo 1.5, na walio chini ya miaka 20 kilo 1.75. Wasichana hubaki na kilo 1. Tatizo ni kwamba shule nyingi zina kisahani kimoja tu, na mara nyingi ni kile cha kilo 2. Kijana wa kidato cha kwanza akikizoea hicho hujifunza kukisukuma kama tufe badala ya kukirusha, na kuja kumwondolea tabia hiyo ni kazi ya miezi. Bora aanze na cha kilo 1, hata kama wenzake watamcheka kwamba ni cha wasichana.

Usiamini namba iliyoandikwa juu yake. Kipeleke kwenye mizani ya muuza maharage. Kisahani kilicholika ukingo hupungua uzito, na waamuzi wakikipima watakikataa. Halafu pitisha kidole taratibu ukingoni mote: penye meno ya chuma patakukata. Nimeulizwa pia kama fundi seremala anaweza kutuchongea cha mninga. Anaweza, lakini mbao tupu ya upana huo haitafika kilo moja. Ndiyo maana visahani vya mbao huvishwa pete ya chuma.

Hiyo pete ina siri yake. Kuna visahani ambavyo sehemu kubwa sana ya uzito iko ukingoni, na vingine uzito umesambaa hadi katikati. Cha ukingo mzito ni kigumu kukizungusha mwanzo, lakini kikishazunguka hakichoki upesi, huenda kimetulia hadi mwisho. Hicho ni cha mwenye nguvu na ufundi. Anayeanza akikitumia kitayumba hewani kama jani, naye atadhani amepungukiwa na nguvu. Chukua kilichosambaa uzito, au cha mpira, mpaka mkono ukomae.

Kukishika: kiganja kilale juu yake, vidole vinne vitanuke kidogo, na pingili za mwisho tu ndizo zishike ukingo. Kidole gumba kinapumzika, hakibani. Kisahani kinatoka mwisho kwa kupita kidole cha shahada, na kwa anayetumia mkono wa kulia kitazunguka kuelekea upande wa mshale wa saa ukikitazama kutoka juu. Kikizunguka kinyume, umekitoa kwa kidole kidogo, rudia. Wiki mbili za kwanza usirushe kabisa. Kibiringishe ardhini kama tairi. Kikienda moja kwa moja bila kulala, kidole cha shahada kimeshaelewa kazi yake. Nguvu yenyewe haitoki mkononi bali miguuni na nyongani. Mkono huja nyuma kama kamba.

Sasa upepo. Sisi tuko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki hupiga uwanda huu bila huruma. Wengi wenu mkiona upepo unakuja usoni mnaomba mgeuziwe mduara. Msiombe! Kisahani si jiwe. Kina umbo la bawa, na hewa inayokijia kwa kasi hukibeba. Upepo wa mbele ukiwa wa wastani hukipeleka mbali kuliko hewa tulivu. Mzuri zaidi kwa mrushaji wa mkono wa kulia ni ule unaotoka mbele, upande wa kulia. Sharti ni moja: pua ya kisahani iwe chini kuliko kawaida. Ukikiinua, upepo utakishika tumboni, kitasimama na kuanguka. Ukiwa mgongoni, ndipo ukirushe juu zaidi.

Mfano ni Mykolas Alekna wa Lithuania. Rekodi ya dunia ya wanaume ilikuwa mita 74.08, iliyowekwa na Jürgen Schult wa Ujerumani Mashariki mwaka 1986. Alekna aliivunja Aprili 2024 kwa mita 74.35, kisha Aprili 2025 akafikisha 75.56. Mara zote mbili alikuwa Ramona, Oklahoma, Marekani, uwanja ulio wazi unaosifika kwa upepo. Lakini katikati hapo, kwenye Olimpiki ya Paris ya 2024, ndani ya uwanja uliozungukwa na majukwaa, alirusha 69.97 akashindwa na Roje Stona wa Jamaika aliyefikisha 70.00. Sentimeta 3! Kwa hiyo mfanye mazoezi siku za upepo na siku tulivu pia. Tena hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, hukibeba kisahani kidogo kidogo. Atakayepelekwa Mtwara asishangae kikimpaa tofauti na alivyozoea.

Kutenga uwanja: chora mduara wa upana wa mita 2.5. Kutoka katikati yake pima mita 20 mbele, na hapo weka vigingi viwili vilivyoachana mita 12. Vuta kamba kutoka katikati ya mduara hadi kwenye vigingi. Kinachotua nje ya kamba hakihesabiwi. Kama hakuna wavu, watu wote wasimame nyuma ya mrushaji, hatua ishirini na zaidi. Kisahani hurudishwa kwa kubebwa mkononi, hakirushwi kurudi. Kutoka mduarani ni kwa nusu ya nyuma.

Wadogo nao hawatakubali kukaa tu. Huko Marekani upo mchezo wa gofu ya visahani, uliopata kiwanja chake cha kwanza cha kudumu California mwaka 1975. Visahani ni vya plastiki, na mshindi ni anayekiingiza kikapuni kwa mirusho michache. Mchezaji hubeba visahani kadhaa: cha ukingo mwembamba kwa masafa, na kingine kinene, butu, cha upana wa kama sentimeta 21 na gramu 175 hivi, cha kukaribia kikapu. Hiki cha pili hakiendi mbali; kinanyooka, kinatua, hakitelezi.

Tumewapa wadogo vifuniko vya ndoo za rangi na karai moja, upande wa pili wa jengo, mbali na kamba. Wanahesabu mirusho kutoka mwembeni hadi kwenye karai. Hadi naandika haya, anayeongoza ni yule yule wa ndala, kwa mirusho mitatu.