Jaza boksi lako la vifaa bila kutoboa mfuko
Kitasa kikilegea usiku, au wavu ukichanika ukiwa Usenge, si wakati wa kuzunguka ukiomba koleo kwa majirani. Tujaze boksi lako pamoja, hatua kwa hatua.

1. Anza na vitano: nyundo, koleo, bisibisi, futi na msumeno. Mvuvi aongeze sindano ya nyavu na uzi wa nailoni.

2. Weka shilingi 50 kila siku kwenye akiba ya simu. Baada ya siku 30 una 1,500. Nunua kinachohitajika zaidi kwanza.

3. Shika kabla ya kulipa. Pale Bondo mjini, ingia hadwea au kwa fundi wa jua kali, utikise nyundo uone kama mpini umekaza. Usimtumie pesa muuzaji wa mtandaoni usiyemjua, hata akisema "imebaki moja tu".

4. Soma jina linalotokea kwenye simu, ulilinganishe na lililobandikwa dukani. Hayafanani? Ghairi papo hapo. Pesa ikishaenda kusiko, tupigie mara moja, kabla haijatolewa.

5. Usifute ujumbe wa malipo. Koleo likivunjika kesho, huo ndio ushahidi wako.

Haba na haba hujaza kibaba, na boksi pia.