SOMO LA UFUNDI: RABA ZA VIOO VYA PIKAPU KUUKUU

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunaijua Peugeot 404, gari lililotoka mwaka 1960. Raba ya kioo cha mbele cha pikapu hiyo ikipasuka kwa jua, maji hupenya, kutu hula bati, na kioo hulegea mbele ya dereva.

Tusinunue raba kwa kukisia.

Kwanza, tukate kipande cha raba kuukuu twende nacho dukani, tulinganishe mifereji yake: mmoja hushika kioo, wa pili hushika bati.

Pili, raba kuukuu husinyaa. Kwa hiyo tupime pia unene wa kioo na wa bati.

Tatu, tuiweke kwa maji ya sabuni, si grisi. Grisi huvimbisha raba.

Gari la chama ni mali yetu. Tulitunze.