Mwanafunzi Mgeni na Sala Yake

Suali: Kijana wa Tunduma, mkoani Songwe, aendaye Lamu kusoma muhula mmoja katika chuo cha Riyadha, alichokiasisi Habib Saleh (naye alikuwa mgeni kutoka Ngazija), apunguze sala mpaka lini?

Jawabu, kwa madhehebu ya Imamu Shafi: Akisha kupita nyumba za mwisho za Tunduma, aweza kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa 2, 2, Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Avukaye kwenda Nakonde, Zambia, akarudi, hana ruhusa hiyo, japo amevuka mpaka wa dola. Sharia hutazama masafa. Na akipumzika Dar es Salaam siku 2, bado yu msafiri.

Amma Lamu, hapo ndipo pa kughafilika. Hajui njia wala watu, hujiona mgeni, akapunguza wiki nzima. Sala hizo hazikusihi, yampasa azilipe. Kwani amenuia kukaa zaidi ya siku 4, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka; basi tangu kuwasili yu mkaazi, hata moyo wake ukiwa ungali Tunduma. Na Ijumaa humpasa, walakini hahesabiwi katika wale 40, maana Lamu hakuifanya maskani yake ya daima.